Kulipia makala iwe huria si kununua marejeo

Malalamiko yanayofika dawati letu la machapisho hapa Kigoma yanaongezeka, na mengi yanafanana: mtafiti amelipa mamia ya dola ili makala yake isomwe bure mtandaoni, mwaka umekatika, hakuna mtafiti mwingine aliyemrejelea katika makala yake. Anauliza nani kamdhulumu.

Pengine hakuna. Mwaka 2001 mtafiti Steve Lawrence alionyesha kwamba makala za mikutano ya sayansi ya kompyuta zilizopatikana bure zilirejelewa zaidi, na wengi wetu tumeganda hapo. Lakini huenda marejeo hayo yana sababu nyingine: watafiti huweka wazi kazi zao bora, na wenye fedha za ada ndio wenye maabara na majina. Mwaka 2008 Philip Davis na wenzake waliteua kwa bahati nasibu makala za kufunguliwa. Zilipakuliwa zaidi, marejeo ya mwaka wa kwanza hayakuzidi. Pitio la 2021 lilikusanya tafiti 134: karibu nusu ziliona faida, zaidi kidogo ya robo hazikuiona, nyingine ziliiona kwenye baadhi ya makala tu. Basi, kwa heshima zote, ile namba ya kwenye semina, kwamba makala huria huongeza marejeo kwa asilimia fulani, msituletee tena.

Kusomwa ni habari nyingine. Ofisa uvuvi wa Kibirizi akitafuta utafiti wa samaki aina ya migebuka, akapewa ikisiri (muhtasari) tu na kudaiwa dola ili aendelee, anaachana nao. Huyo haandiki makala, hatamrejelea mtu; lakini ndiye anayeshinda mwaloni, samaki wanakoshushwa, na wavuvi.

Sasa utaratibu. Majarida mengi huruhusu nakala iliyokubaliwa baada ya uhakiki (si ile PDF yenye nembo ya jarida) iwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya taasisi bila ada, mara nyingi baada ya zuio (muda wa kusubiri) la miezi 6 hadi 24. Tuletee nakala hiyo, barua pepe ya mhariri ya kuikubali, sera ya jarida, na idhini ya waandishi wenza wote. Wote, si msimamizi peke yake. Ukipakia PDF ya mchapishaji kinyume cha mkataba, akidai iondolewe tutaiondoa siku hiyo hiyo, na barua ya kujieleza utaandika wewe.

Nafuu ya ada ya kuchapisha huria iombwe kabla ya kuwasilisha makala. Tanzania iliingia kipato cha kati cha chini mwaka 2020, hivyo kwa baadhi ya wachapishaji utapewa punguzo, si msamaha kamili.

Na jarida linaloikubali makala ndani ya siku tatu huku likikuahidi marejeo, ankara yake hatuisaini.