Kaumia shingo? Vidole vyake msivinyooshe hovyo

Hili nalirudia wodini mpaka koo linakauka, acha leo niliandike labda litasambaa. Mtu kapata ajali ya bodaboda, au kadondoka mjengoni, au kijana kaenda bichi kapiga mbizi kichwa kwanza kwenye maji mafupi, uti wa mgongo umeumia shingoni, mikono na miguu imepooza. Jioni ndugu wanaingia na mafuta ya nazi, shangazi anashika mkono anauchua, vidole anavinyoosha kimoja kimoja mpaka vinalala flati. Nia nzuri kabisa, ila hapo ndo anaharibu.

Iko hivi. Aliyeumia usawa wa C6, yaani neva ya 6 ya shingo, mara nyingi anakunja kiwiko na ananyanyua kiganja, ila vidole havina nguvu. Sasa jaribu hapo ulipo: legeza mkono, kiganja kining'inie, vidole vinafunguka. Kinyanyue taratibu, vidole vinajikunja vyenyewe na dole gumba linakisogelea cha shahada. Msuli wa vidole haujafanya kitu, ni kano tu, zile kamba zinazounga msuli na mfupa, zimevutika. Huyu mgonjwa ndo mkono wake wa kazi huo, atashikia kikombe, mswaki, simu, wengine hata mpira wa mkojo wanajiwekea wenyewe. Kano zikishalegezwa, ananyanyua kiganja vidole vimebaki wazi, na kuzirudisha ni shughuli pevu.

Sijasema msimguse jamani, viungo visipochezeshwa vinakakamaa. Kiganja kikiwa kimenyanyuliwa, vidole vikunjeni, mkitaka kuvinyoosha kiganja kishuke kwanza. Kiganja kunyanyuliwa huku vidole vimenyooka, hapana. Na akianza kukaa akajiegemeza kwa mikono kitandani, vidole viwe vimekunjwa, asitandaze kiganja kwenye godoro.

Najua akili zenu ziko miguuni, kila anayeingia swali ni atatembea lini. Ila mtafiti Kim Anderson wa Marekani aliwauliza wagonjwa wenyewe, utafiti ulitoka 2004, na kwa waliopooza mikono na miguu karibu nusu walisema kitu cha kwanza wangetaka kirudi ni mikono. Wala sishangai, kulishwa uji na mdogo wako kila asubuhi sio mchezo.

Kama vidole anavisogeza mwenyewe, hata kidogo tu, mwambieni fizio wake, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amkague upya kabla hamjafuata haya, maana miezi ya mwanzo hali inabadilika na mazoezi yake yatakuwa mengine.