Je, Colosseum ilibomolewa na wavamizi?

Wengi wanaamini kwamba magofu ya Roma ni kazi ya wavamizi walioupora mji huo mwaka 410 na 455. Uporaji huo ulitokea kweli, kwa hiyo imani hii ina mahali ilipoanzia.

Ila Colosseum, uwanja mkubwa wa maonyesho wa Roma ya kale uliozinduliwa mwaka 80, ilikuwa bado na maonyesho ya wanyama mwaka 523. Uharibifu mkubwa ulikuja baadaye sana. Tetemeko la 1349 hutajwa kuwa ndilo lililoangusha sehemu kubwa ya ukuta wa nje upande wa kusini, na wenyeji wakayageuza mabaki kuwa machimbo ya mawe. Majengo mapya ya mji yalijengwa kwa mawe hayo, na marumaru ikachomwa tanurini kupata chokaa. Mahujaji waliofurika Roma kwa Jubilei ya 1450, mwaka mtakatifu wa Kanisa Katoliki, walikuta kazi hiyo ikiendelea. Wasomi wa enzi ya Renaissance, kipindi cha mwamko wa elimu ya kale Ulaya, nao walizunguka magofuni wakinakili maandishi ya Kilatini yaliyochongwa, na baadhi yao wakawalaumu wachoma chokaa kwa uchungu. Tuna deni kubwa kwa wasomi hao: maandishi mengine leo yamebaki katika nakala zao tu.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Kuza picha yoyote ya Colosseum utazame vitundu vilivyojaa ukutani. Humo ndimo vilimochimbuliwa vyuma vilivyoshikanisha mawe, kimoja kimoja, kazi ya subira isiyofanana na uvamizi wa siku chache. Kisha linganisha tarehe: mwaka wa uvamizi, na mwaka jengo lilipotajwa mara ya mwisho likitumika.