Je, wajua kwa nini "magamba" ya mti hugeuka kijani yakilowa?

Nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, kuna mparachichi mkongwe ambao shina lake limejaa vitu vya kijivu vyenye mikunjo kama kabeji iliyonyauka. Juzi mzee jirani alikuja na panga avikwangue. "Huu ni ugonjwa, mwanangu. Utaula mti mpaka ukauke." Nikamwomba asubiri, nikamwagia shina kikombe cha maji. Kabla hajamaliza kuulizia hali ya watoto, kijivu kilikuwa kimegeuka kijani.

Ile ni kuvumwani, na jina limeshasema yote: kuvu na mwani, yaani vijimea vidogo mno vya kijani, katika mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba, hushika maji na kujibana kwenye gome. Mwani hutumia jua kutengeneza sukari inayowalisha wote wawili. Mwani umejificha chini ya ngozi nyembamba ya kuvu. Ngozi ikikauka, huficha kilicho chini yake. Ikilowa, hupitisha mwanga kama gazeti lililofungiwa mandazi, na kijani kinajitokeza. Mwaka 1867 Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, alipotangaza kwamba hawa ni viumbe wawili, wenzake wengi walimpinga vikali.

Yetu ni ya kundi la Parmotrema. Utaitambua kwa kingo pana za mviringo zilizoinuka, mara nyingi zenye vinywele vyeusi kama kope. Bandua kipande kidogo ukigeuze: chini ni cheusi, ila karibu na ukingo ni kahawia inayong'aa, pasipo vijizizi. Hupenda mwanga, kwa hiyo itafute kwenye miti ya shambani na kwenye miamba.

Kwenye kivuli chenye unyevu msituni utakuta aina nyingine. Leptogium ina rangi ya kijivu-bluu na ikilowa huvimba ikateleza kama jeli. Hapa mwenzi wa kuvu si mwani bali ni bakteria wa rangi ya bluu-kijani aitwaye Nostoc, ndiyo maana haiwi kijani kibichi. Sticta ina vishimo vyeupe upande wa chini.

Hakuna kati ya hizi inayonyonya utomvu wa mti. Maji huyapata kutoka mvua na ukungu. Ila mti ukidhoofika kwa sababu nyingine, majani hupukutika, jua hufika shinani, kuvumwani hustawi, nayo ndiyo inayolaumiwa.

Nilipomweleza hayo, mzee alilaza panga kwenye nyasi, akaomba kikombe amwagie upande wa pili.