Vitamu vya ndani na nia ya kujizuia

Wanaofika kwetu kutafuta ushauri wa lishe hapa Dodoma mara nyingi huanza kwa kujilaumu. Anasema anajua madhara ya sukari, ameapa kuacha zaidi ya mara moja, lakini pipi na biskuti zikiwa ndani zinamshinda. Ukimuuliza zinakaa wapi, anajibu: kwenye bakuli la kioo, mezani pale sebuleni, kwa ajili ya wageni.

Mtu huyo si mroho, na ningependa aache kujiita hivyo. Mwaka 1970 wanasaikolojia Walter Mischel na Ebbe Ebbesen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule ya awali walioahidiwa kitafunwa wanachokipenda zaidi iwapo wangesubiri. Waliokaa huku vitafunwa vyote vikiwa mbele ya macho yao walivumilia takriban dakika 1 kwa wastani. Waliofichiwa walisubiri zaidi ya dakika 10. Umri wao ulikuwa uleule na ahadi ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa kile walichokuwa wakikitazama.

Mtu mzima naye ndivyo alivyo, hasa akiwa amechoka. Anatoka kazini Mtumba saa kumi na nusu, tangu chai ya asubuhi hajala cha maana, halafu anakutana na lile bakuli. Saa hiyo si ya kuipima nia yake. Uamuzi ufanyike mapema, akiwa sokoni Majengo na tumbo limeshiba: anunue cha kuliwa siku hiyo, aache pakiti kubwa hata kama bei yake ina nafuu. Bakuli la mezani liwekwe ndizi, machungwa au karanga (karanga ziwe mbali na watoto wadogo, kwa kuwa huwapalia). Mgeni atakirimiwa vizuri tu.

Kwa wenye duka mbele ya nyumba kazi ni ngumu zaidi, kwani makopo ya pipi, jojo na kashata yako hatua chache kutoka kitandani. Ushauri wangu kwao ni daftari. Kinachochukuliwa na watu wa nyumbani kiandikwe na kilipiwe kama cha mteja mwingine. Mtaji utapona, na mkono utasita kidogo kabla ya kufungua kopo.

Huku kwetu kuna pia vitamu tunavyovisamehe kwa sababu ni vya asili. Gramu 100 za zabibu mbichi zina sukari gramu 16 hivi. Zikikaushwa, uzito uleule una karibu gramu 60, maana maji yameondoka. Zabibu kavu si adui, ila kiganja kimoja kinatosha, na mfuko usikae wazi mezani. Asali ya Manyoni, kwa uzuri wake wote, takriban asilimia 80 ni sukari. Unga wa ubuyu ni chakula kizuri. Ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko umepikwa na sukari, kwa hiyo uhesabu pamoja na pipi.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na ni bora zaidi akiishia vijiko 6. Soda moja ya mililita 350 inaweza kuvimaliza hivyo 6 na kuvipita.

Wazazi wengine huamua kufungia vitamu kabatini huku watoto wakiviona kupitia kioo. Hilo huzaa hamu. Utafiti wa Jennifer Fisher na Leann Birch wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba mtoto akizuiwa kitafunwa anachokiona, hukitaka zaidi. Afadhali kitamu kisiwepo siku nyingi, na kikiwepo kiliwe na wote baada ya chakula, kiishe. Meno nayo hupumzika, kwa sababu kila unapomumunya pipi bakteria hutengeneza asidi inayoshambulia meno kwa nusu saa hivi. Na tusiseme, "Maliza ugali na mlenda nikupe pipi." Mtoto anajifunza kwamba mlenda ni adhabu.

Kama unakula kwa kujificha, unashindwa kusimama hata ukishiba, kisha unajichukia, usibaki nalo peke yako. Mweleze mhudumu wa afya, msaada upo.

Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) haipaswi kukosa sukari kabisa. Akitetemeka, akitoka jasho jingi au kuanza kuchanganyikiwa, au kipimo cha sukari ya damu kikisoma chini ya 4 (mmol/L), mpe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Akipoteza fahamu usimnyweshe kitu, mwahishe hospitali. Sukari hiyo iwe na kopo lake lililoandikwa jina la mgonjwa, na kila mtu wa nyumbani, hadi dada wa kazi, ajue lilipo.