Salim Ahmed Salim: hadithi ya ngoma na mambo mengine tunayoyakosea

Mtaje Salim Ahmed Salim barazani, na kabla kahawa haijamiminwa mtu atadakia: "Si yule aliyecheza ngoma Umoja wa Mataifa, Wamarekani wakamwekea kinyongo?" Hadithi tamu, ila inapunja.

Dhana: Ngoma ndiyo iliyomponza

Oktoba 25, 1971, Salim alikuwa balozi wa Tanzania Umoja wa Mataifa, mwenye miaka 29. Kura za kuipa Jamhuri ya Watu wa China kiti chake zilipotoka 76 kwa 35, ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na ujumbe wa Tanzania ulikuwa mstari wa mbele. Kinachosahaulika ni kwamba Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliwasilisha azimio lenyewe. Ule ulikuwa msimamo wa serikali ya Nyerere, wala si utundu wa kijana mmoja.

Alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1981, Marekani ilimpigia kura ya turufu tena na tena, na China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa madarakani, mara 16. Wote wawili wakakaa kando, kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kufikia hapo Salim alikuwa ameiongoza kwa miaka kamati ya kuondoa ukoloni, akiwabana makaburu wa Afrika Kusini. Washington ilikuwa na sababu nzito kuliko miguu yake.

Dhana: Diplomasia ilimpoza

Alianzia kwenye umoja wa wanafunzi wa Zanzibar, akaingia Umma, chama cha mrengo wa kushoto cha Abdulrahman Babu, na mwaka 1964, akiwa na miaka 22 tu, akatumwa Cairo kuwa balozi. Wapo wanaodhani kijana yule mkali alibaki huko nyuma. Mbona basi, akiwa katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1989, aliwasukuma marais waache kujificha nyuma ya "mambo ya ndani" jirani anapochinjana? Chombo cha kuzuia na kutatua migogoro kilichoundwa Cairo mwaka 1993 kilitokana na msukumo huo. Kilikuwa dhaifu, na mauaji ya kimbari ya Rwanda yakaja mwaka uliofuata. Lakini kuwaambia wakuu wa nchi usoni kwamba mipaka si pazia, huo ni uanaharakati, hata ukivaliwa suti.

Siasa zake za ujana hazikumwacha pia: zilifukuliwa tena mwaka 2005 alipowania urais ndani ya CCM. Akashika nafasi ya pili.

Dhana: Mkataba ukitiwa saini, vita vimekwisha

Abuja, Aprili 2006. Salim ndiye msuluhishi mkuu wa vita vya Darfur, magharibi mwa Sudan, kwa niaba ya Umoja wa Afrika. Waasi wanakabidhiwa rasimu ya kurasa 86 na siku tano za kuikubali. Kurasa 86, mambo ya ardhi, fidia na silaha za Janjawidi, wanamgambo waliokuwa upande wa serikali, siku tano! Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, wakubwa wa Marekani na Nigeria wakikamia saini. Mei 5 Minni Minnawi akasaini upande wa waasi. Kiongozi mwingine wa waasi, Abdul Wahid al-Nur, akakataa, na kundi la waasi la JEM pia. Mapigano yakaendelea.

Kwa maoni yangu haraka ile ilikuwa kosa, na si la Salim peke yake.

Oktoba 2007 alikuwa Sirte, Libya, pamoja na Jan Eliasson wa Umoja wa Mataifa, wakianza upya mazungumzo ya Darfur. Abdul Wahid hakuja.