Mafuta yamepanda: tunayoambiana na yaliyo kweli

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, simu za Nakuru na Kisumu hulia kwa habari ileile: EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli, imetangaza bei mpya ya mafuta, inaanza usiku wa manane. Bei ikipanda, foleni hutokea vituoni usiku huohuo, na kesho yake kila mtu ana ushauri. Jaza alfajiri. Tia frii, yaani toa gia, kwenye mteremko. Usiguse eisii, yaani kiyoyozi. Nunua ile petroli ya bei ya juu, inakaa. Baadhi ya ushauri huo ni wa kweli, mwingine hauna faida wala hasara, na mwingine umewahi kuzika watu. Wanaousikiliza zaidi ni wale wasio na pesa za kupoteza: mwalimu mwenye Vitz, muuguzi mwenye Demio, mama anayepakia viazi vya Molo kwenye Probox. Hao wanastahili kuambiwa ukweli.

"Ukishuka Sachang'wan tia frii, injini ipumzike"

Hili linatangulia kwa sababu ndilo hatari kuliko yote.

Wazo lenyewe lina asili yake. Gari la zamani la kabureta liliendelea kuvuta petroli hata dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, kwa hiyo aliyetia frii aliipunguzia injini mizunguko na pengine akaokoa kidogo. Lakini karibu magari yote ya petroli tunayoendesha leo yana nozeli za kunyunyizia petroli kwenye injini, zinazoongozwa na kompyuta. Ukiwa kwenye gia, mguu nje ya mafuta, gari likiteremka kwa kasi ya kutosha, kompyuta inatambua kwamba magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, basi inafunga nozeli. Hapo hutumii hata tone. Ukitia frii, injini haina tena wa kuizungusha, na ili isizimike inalazimika kuchoma petroli. Frii ndiyo inayokula, gia ndiyo inayookoa. Mwenye dashibodi inayoonyesha matumizi ya papo kwa papo anaweza kujionea: ateremke akiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kipimo cha kilometa kwa lita kitapanda hadi mwisho wake.

Halafu kuna breki. Gari lililo kwenye gia linazuiwa na injini yake. Lililo frii linazuiwa na breki peke yake, na katika mteremko mrefu breki zinapata moto hadi unakanyaga na hazishiki. Kipande cha Salgaa hadi Sachang'wan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kimeua watu wengi mno, na kwa miaka mingi malori yanayoteremka yakiwa frii yametajwa miongoni mwa sababu. Anayezima injini kabisa ni mbaya zaidi, maana usukani unakuwa mzito na baada ya kukanyaga breki mara chache anabaki bila msaada wowote wa injini. Kwa gari la otomatiki, teremka kwenye D, na mteremko ukizidi shusha hadi 2, L, B au S, kulingana na herufi zilizo kwenye gia yako. Injini italia kwa sauti ya juu. Iache ilie, wakati huo haikulipishi.

"Langu linakwenda kilometa 22 kwa lita, nimelipima hadi Kisumu"

Safari ya Nakuru hadi Kisumu ni kama kilometa 180, na ni mizani mbovu ya kupimia gari. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi. Barabara inapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, kisha inateremka kupitia Kericho hadi Ahero na ziwani, kwenye mita 1,130 hivi. Ukifika Kisumu umeshuka mita 700 kuliko ulikoanzia, na sehemu kubwa ya mteremko huo umeendeshwa na mlima. Anayepima safari ya kwenda tu anajisifia mlima. Kurudi ndiko kutakakomwambia ukweli.

Kupima vizuri ni rahisi. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilometa. Endesha siku zako za kawaida, mjini na nje, kwenda na kurudi. Rudi kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, jaza tena hadi ijikate mara ya kwanza. Gawanya kilometa ulizokwenda kwa lita ulizoweka sasa. Kilometa 410 kwa lita 32 ni 12.8. Bila namba hiyo huwezi kujua kama ushauri wowote, hata wangu, umekusaidia.

"Gari ndilo linakula mafuta"

Mara nyingi ni mguu. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kuendesha kwa pupa, yaani kukanyaga mafuta kwa nguvu na kufunga breki ghafla, kunapunguza umbali gari linaokwenda kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 40 mjini. Hakuna hila nyingine ya uendeshaji katika makala hii inayokaribia hapo.

Tazama barabara zetu zilivyo na matuta. Kila kituo cha biashara kina matuta yake, na dereva mwenye haraka akivuka tuta moja anakanyaga mafuta hadi sabini, kisha anafunga breki mita chache kabla ya linalofuata. Petroli yote iliyomfikisha sabini imegeuka joto kwenye breki. Mwenzake aliyepanda hadi arobaini, akauondoa mguu mapema na kuliacha gari likiwa kwenye gia, amevuka matuta yaleyale na kuchelewa sekunde tu. Kasi nayo ina gharama yake. Ukishapita kilometa 80 kwa saa, upepo unakuwa mzigo mkubwa na matumizi yanapanda haraka. Kufukuzana na matatu kutoka Ngata hadi Salgaa ni kuchoma noti.

"Bei ya dunia imeshuka, hawa wanatuibia tu"

Hasira hii naielewa kabisa, na kodi kweli ni sehemu kubwa ya bei. Lakini tuelewe inavyokokotolewa ili tujue pa kuelekeza swali.

Kenya haisafishi mafuta. Kiwanda cha Mombasa kiliacha kusafisha mwaka 2013, kwa hiyo kila lita inaingia ikiwa tayari imesafishwa, inapokelewa Mombasa, na inasukumwa kwa bomba hadi maghala ya Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Bei ya tarehe 14 inatokana na gharama ya shehena zilizokwisha kushushwa na thamani ya shilingi mbele ya dola. Pipa likishuka bei sokoni leo, petroli iliyo kwenye pampu ya Kondele, Kisumu, ilishanunuliwa zamani. Mabadiliko hufika, lakini hufika kwa kuchelewa, yawe ya kupanda au ya kushuka.

Jambo la pili ndilo wengi hawaliangalii. Tozo kadhaa zinahesabiwa kwa kila lita, hazijali bei ya pipa. Ya matengenezo ya barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Ya maendeleo ya petroli ilipandishwa hadi shilingi 5.40 mwaka 2020. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliitoa asilimia 8 hadi 16. Ndiyo maana pipa likishuka nusu, bei ya pampu haiwezi kushuka nusu. Mwenye malalamiko kuhusu tozo hizo ampelekee mbunge wake, kwa sababu mhudumu wa kituo hazitungi.

Bei ya EPRA, tena, ni kikomo cha juu. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, na vipo vinavyofanya hivyo, hasa vya wafanyabiashara wadogo. Bei ya chini peke yake si dalili kwamba petroli imechanganywa na mafuta taa. Uchanganyaji ulikuwapo, na ndiyo sababu mwaka 2018 mafuta taa yaliongezwa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili faida ya kuchanganya ipungue. Injini ikianza kugonga au kukosa nguvu baada ya kujaza mahali fulani, hiyo ndiyo dalili ya kufuatilia. Weka risiti.

"Jaza alfajiri, petroli ikiwa baridi unapata nyingi"

Kweli petroli hutanuka kwa joto, takriban asilimia 0.1 kwa kila digrii moja. Lakini matangi ya vituo yako chini ya ardhi, na joto la huko halibadiliki sana kati ya alfajiri na adhuhuri. Hata likitofautiana digrii mbili, kwenye lita 40 utapata au kupoteza lita 0.08. Petroli ikiwa shilingi 180, hiyo ni kama shilingi 14. Lala.

Foleni ya tarehe 14 usiku inafanana na hilo. Bei ikipanda shilingi 3, kwenye lita 35 unaokoa shilingi 105. Ukikaa nusu saa injini ikinguruma, gari dogo limeshakula robo hadi nusu lita. Kama lazima upange foleni, zima injini.

"Petroli ya bei ya juu inakaa zaidi"

Fungua kifuniko cha tangi, usome kibandiko kilicho ndani. Magari mengi madogo kutoka Japani yana maandishi ya Kijapani yanayosema petroli ya kawaida isiyo na madini ya risasi. Muulize anayeyajua au yapige picha, simu itakutafsiria. Gari likiandikiwa ya kawaida, ya okteni ya juu hailiongezei nguvu, kwa sababu okteni ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Haina maana ya nishati zaidi. Gari lililoandikiwa ya juu, kama baadhi ya yenye turbo, lipewe ya juu.

"Naweka ya mia tano mia tano, ndiyo kubana matumizi"

Mfuko ukiwa mtupu hakuna la kujadili, mtu huweka alichonacho. Lakini kuishi na taa ya mafuta ikiwaka kuna gharama. Pampu ya petroli iko ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Ikiachwa na kidogo kila siku inapata joto na kuchakaa mapema, na bei ya pampu inameza akiba ya miezi. Zaidi ya hayo, kila mia tano ina safari yake ya kwenda kituoni. Jitahidi usishuke chini ya robo tangi.

"Upepo wa tairi: weka arobaini, gari linateleza vizuri"

Mhudumu akiuliza aweke ngapi, wengi hutaja namba waliyoisikia kwa mtu. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Gari dogo la Japani mara nyingi huandikiwa kPa 230, ambazo ni kama 33 kwenye mashine za vituo vyetu. Tairi likipungua, gari linavutwa nyuma na petroli inaongezeka. Likizidi, linakanyaga kwa katikati tu, linaisha vibaya na halishiki vizuri kwenye barabara yenye maji. Pima asubuhi kabla hujaenda mbali, tairi likiwa baridi.

Eisii nayo ina hukumu inayotegemea mahali. Katikati ya Kisumu kwa mwendo wa polepole, madirisha yanatosha. Ukifika mwendo wa barabara kuu, madirisha wazi yanalikamata gari kwa upepo, na tofauti na eisii inakuwa ndogo. Gari lililopigwa na jua, fungua milango kwanza joto litoke, ndipo uwashe.

Kupasha injini dakika kumi asubuhi ya baridi ya Njoro hakuhitajiki kwa gari la nozeli: nusu dakika, kisha ondoka taratibu. Vifaa vya kubandika na dawa za kumimina tangini zinazoahidi nusu ya matumizi, ziache dukani. Serikali ya Marekani imetathmini au kupima vifaa vya aina hiyo zaidi ya mia moja na haikupata kinacholeta nafuu ya maana. Lakini taa ya injini kwenye dashibodi usiipuuze. Sensa ya oksijeni ikiharibika, gari linaweza kupoteza mafuta mengi, na mwenye mashine ya kusoma kompyuta ataliona tatizo kwa muda mfupi.

"Nitanunua mitungi miwili niweke nyumbani kabla haijapanda"

Tafadhali, usifanye hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi ukutane na jiko, na mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia haukutengenezwa kuuzuia. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, watu wakakimbilia kuchota, na zaidi ya mia moja wakafa moto ulipowaka. Akiba ya shilingi tatu kwa lita haistahili kuwekwa chini ya kitanda wanapolala watoto.

"Basi hakuna la kufanya"

Lipo, nalo halihusu pampu. Asubuhi, kutoka Kiamunyi kuingia mjini Nakuru, magari mengi yana dereva na mtoto mmoja, na mengi yanaelekea shule zilezile. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni kilometa 16, na gari linakwenda kilometa 10 kwa lita katika msongamano. Kwa siku tano ni lita 8, shilingi 1,440 kwa wiki petroli ikiwa 180. Majirani wawili wakipokezana wiki, kila mmoja anabaki na 720. Wakiwa watatu, 480. Anza na jirani ambaye tayari mnasalimiana getini, mkubaliane saa ya kuondoka na nani atapiga simu mtoto akiugua, na mpange tangu mwanzo kwamba kila mtoto anafunga mkanda wake.