Usionje, Usifikiche: Maswali na Majibu Kuhusu Mimea ya Makorongoni Moshi na Arusha

Kila likizo vijana wetu wa Moshi hupanda kwenda kutazama maporomoko: Materuni kule Uru, Kinukamori na Ndoro kule Marangu. Wa Arusha huenda Napuru au hushuka kwenye makorongo ya Mto Themi. Njia ni nyembamba, utelezi mwingi, na mtu akiteleza mkono hushika chochote kilicho karibu. Mimi ni muuguzi na huwa natembea na vikundi hivi. Maswali yafuatayo niliulizwa na wazazi pamoja na vijana wa kwaya tulipokuwa tunajiandaa kwa safari ya Materuni.

Ni mmea gani wa njiani unaokutia hofu kuliko yote?

Mnanaha. Wataalamu wanauita Datura stramonium. Ni kichaka kifupi, aghalabu hakipiti kiuno cha mtu mzima. Majani yake ni mapana yenye kingo zilizochongoka, na ukiyafikicha yananuka vibaya. Ua ni jeupe au la zambarau hafifu, lina umbo la tarumbeta na limesimama likitazama juu. Tunda lina ukubwa wa ndimu na limejaa miiba. Likikauka hupasuka na kumwaga mbegu ndogo nyeusi, nyingi mno. Mnanaha hupenda udongo uliochimbuliwa, kwa hiyo utaukuta pembezoni mwa njia, kwenye vifusi na karibu na mazizi, sehemu ambazo watoto hucheza.

Una ndugu yake mkubwa anayepandwa kwa urembo kwenye nyumba za Marangu na kwingineko penye baridi: mti mdogo wenye maua marefu ya tarumbeta yanayoning'inia yakitazama chini, meupe, ya njano au ya waridi. Sumu yao ni ya aina moja.

Aliyekula mbegu au majani yake hukauka mdomo na ngozi, uso humwiva na mwili huwa wa moto. Mboni za macho hupanuka, mwanga humsumbua, moyo huenda mbio na mkojo hukataa kutoka. Kisha huanza kuweweseka: anaongea na watu wasiokuwepo, anadaka vitu hewani, hamtambui mama yake. Hapo ndipo familia nyingi hupotea njia. Wapo watakaosema malaria imempanda kichwani, wapo watakaosema ana mapepo. Ninawaomba sana wazazi: mtoto aliyekuwa mzima asubuhi, akatoka kucheza, akarudi anaweweseka huku mboni zimepanuka na mdomo umekauka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Anayetaka kuomba aombe, gari likiwa linakwenda.

Na sumu hii haihitaji mtu kuutafuna mmea shambani. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, karibu watu 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula chakula cha msaada kilichochafuliwa na sumu ya mimea ya jamii hii. Kwa hiyo unapochuma mboga za majani porini, mnavu kwa mfano, chuma jani kwa jani huku ukitazama. Usivune kwa kukumba.

Lakini wazee walikuwa wanavuta moshi wa majani hayo kwa ajili ya pumu. Ina maana walikosea?

Hawakukosea kuona kwamba kifua kinafunguka. Ndani ya mnanaha mna atropini, na sisi hospitalini tunaitumia atropini hiyohiyo, hata kwa mkulima aliyedhurika na baadhi ya viuatilifu vya kunyunyizia mimea. Tofauti ni kipimo. Ya kwenye kichupa imepimwa kwa miligramu. Ya kwenye jani hubadilika kutoka mmea hadi mmea, na mbegu huwa kali zaidi. Dawa za pumu za kuvuta zipo. Majani haya yaache yalipo.

Bibi yangu anaijua mimea yote kwa majina. Akinitajia jina la mmea si inatosha?

Jina halitoshi, na hili ndilo ninalolihangaikia kuliko yote katika somo hili.

Chukua neno washawasha. Kuna anayelitumia kwa upupu, ule mmea unaotambaa wenye maganda ya manyoya ya kahawia, na kuna anayelitumia kwa majani yanayochoma ya msitu wa mlimani. Ni mimea miwili isiyo na undugu. Chukua utupa. Mkulima wa migombani akisema utupa anaweza kumaanisha kile kichaka chenye majani madogomadogo ambacho husagwa kufukuza wadudu na kuvua samaki. Mwingine akisema utupa anamaanisha mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani usio na majani ya kuonekana, unaopandwa kuwa uzio na kutoa utomvu mweupe. Wamaasai wanauita emanyara, na inasemekana ndiko Ziwa Manyara lilikopata jina. Hata mbono ni hivyohivyo: mbono wa mafuta ni mmoja, mbono kaburi unaopandwa kwenye mipaka na makaburini ni mwingine.

Bibi yako hapotei kwa sababu yeye hategemei jina. Ameuona mmea ule ukichipua, ukichanua na ukizaa, katika shamba lilelile, miaka nenda miaka rudi. Anajua harufu yake, anajua kama ni mzizi au gome linalotumika, na anajua mwezi wa kuchuma. Mchagga anayetia gome la msesewe kwenye mbege, pombe ya ndizi, analijua gome lile kwa ladha na kwa mti wenyewe. Wewe ukilibeba jina peke yake na kuingia nalo korongoni, umebeba ganda bila ndizi.

Kama unataka kujifunza kutambua, tembea na bibi na utazame kama yeye. Je, majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, au moja huku moja kule? Shina ni duara au lina pembe? Likivunjika linatoa maji au maziwa? Lina vinyweleo? Tunda limeota wapi? Usikimbilie kuchuma, piga picha ya mmea mzima, kisha ya jani juu na chini, kisha ya ua na tunda. Arusha tuna hazina ambayo wengi hupita karibu nayo bila kuijua: pale Ngaramtoni, kwenye taasisi ya viuatilifu ambayo siku hizi ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ndipo ilipo hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea iliyokaushwa.

Na programu ya simu inayotambua mimea kwa picha?

Itumie kwa udadisi. Nyingi zimefundishwa zaidi kwa picha za mimea ya Ulaya na Marekani, na hata ikiupata ukoo sahihi inaweza kukosea mmea wenyewe. Katika ukoo mmoja na nyanya na mnavu yumo pia mnanaha. Usile kitu kwa ushahidi wa simu.

Mwanangu alirudi na mbegu za nyonyo mfukoni, nzuri kama shanga. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha hajatafuna. Mbegu za nyonyo, au mbarika, zina madoadoa ya kahawia na kijivu yanayong'aa, na watoto huzipenda kwa kutunga shanga na kuchezea bao. Ndani yake mna risini, sumu kali sana. Ganda ni gumu, hivyo aliyemeza mbegu nzima anaweza kuitoa kama ilivyoingia. Aliyetafuna ndiye aliye hatarini, na mbegu chache tu zinaweza kumuua mtoto.

Kinachoniumiza ni kwamba sumu hii haianzi papo hapo. Mtoto anaweza kucheza vizuri kwa saa kadhaa, kisha usiku aanze kutapika na kuharisha, pengine kuharisha damu, hadi mwili ukauke maji. Usisubiri dalili. Ukijua ametafuna, au hata amemeza na huna hakika kama alitafuna, nenda hospitali. Dawa ya kuiondoa risini yenyewe haipo, lakini maji ya mshipani na uangalizi wa mapema huokoa maisha.

Mafuta ya nyonyo ya dukani hayana shida hiyo, kwa kuwa risini hubaki kwenye mashudu na haiingii kwenye mafuta.

Tumeshika tawi la mnyaa wakati wa kuteleza na utomvu umeingia jichoni. Mtu mmoja alituambia tuweke maziwa ya mama.

Hapana. Maji safi, na maji mengi. Mlaze, mfungue kope kwa vidole ulivyokwisha kunawa, mmiminie maji taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatiza. Maji ya chupa mliyobeba ya kunywa yatumieni yote, kiu itasubiri. Asifikiche. Utomvu ule huchubua kioo cha jicho, na maumivu na ukungu vinaweza kuzidi baada ya saa nyingi, hivyo kupata nafuu jioni kusikudanganye. Aonekane na wataalamu wa macho. Moshi tuna bahati, idara ya macho ipo hospitali ya KCMC.

Yale majani yanayochoma msituni yana sumu ya kuua?

Kwa kawaida hayaui, yanatesa tu. Kila kinyweleo ni kama sindano ndogo inayovunjika ndani ya ngozi na kumwaga kemikali. Usikune. Bandika utepe wa gundi (selotepu) au plasta ya kunata pale palipochomwa, ivute ili itoe vinyweleo, kisha osha kwa sabuni na maji. Kwa manyoya ya upupu fanya vivyo hivyo, na nguo zilizoguswa zifuliwe peke yake. Mtu akivimba midomo au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura.

Hapa Arusha kuna mmea wa majani kama karoti uliojaa barabarani. Mama yangu akiulimia anawashwa mwili mzima.

Huo ni gugu karoti, mgeni aliyetambuliwa Arusha mwaka 2010 na ambaye ameenea kwa kasi. Vijiua vyake ni vidogo na vyeupe. Anayeugusa mara kwa mara huweza kupata mzio wa ngozi unaozidi kila mwaka, na chavua yake huamsha pumu na mafua. Mama avae glavu na mikono mirefu, ajifunge kitambaa puani, aung'oe kabla haujachanua. Ngozi ikishapasuka na kutoa maji, aje kituoni, kwa sababu mafuta ya kujipaka kiholela huongeza tatizo.

Ndege na mbega wanakula matunda na majani ya korongoni. Si ni ishara kwamba ni salama?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko swali lolote, na jibu ni hapana. Tumbo la mbega lina vyumba vinavyochachua majani kabla ya kuyasaga, wewe huna vyumba hivyo. Ndege hula pilipili kichaa bila hata kuhisi ukali. Matunda ya njano ya ndulele yanapendeza lakini yana sumu. Msunguti, ambao Wamaasai huuita olmorijoi, huzaa vitunda vya zambarau vya kuvutia, na ni mti huohuo uliotengenezewa sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo. Kwa sababu hiyo hata vijiti vya mishikaki msikate porini, bebeni vya nyumbani.

Tunaweza kuchuma maua angalau?

Ndani ya hifadhi za Kilimanjaro na Arusha hairuhusiwi. Kuna ua dogo jekundu lenye mkia wa njano uliojikunja kama mkonga wa tembo, Impatiens kilimanjari, ambalo duniani kote huota Kilimanjaro tu. Lipigeni picha. Na isale, mmea unaopandwa mpakani mwa kihamba (shamba la ukoo la Wachagga), liacheni, wenyewe wanajua limesimama hapo kwa nini.

Mtu akishakula mmea wa sumu, tumpe maziwa atapike?

Msimpe maziwa, mafuta, mayai mabichi wala maji ya majivu. Hakuna kimojawapo kinachoua sumu, na kumtapisha mtu anayesinzia kunaweza kupeleka matapishi kwenye mapafu. Mkaa wa jikoni nao si ule tunaotumia hospitalini. Mtoeni mabaki mdomoni, asukutue na kutema, mlazeni ubavu kama amelegea, kisha mbebeni. Kutoka Materuni hadi mjini ni safari, hivyo piga simu ya usafiri wakati wengine wanampandisha kutoka korongoni.

Tukifika hospitali tuseme nini?

Iwe Mawenzi, KCMC au Mount Meru, semeni pale mapokezi kwamba ni sumu ya mmea, msikae kwenye foleni. Tutauliza amekula nini, sehemu gani ya mmea, kiasi gani, saa ngapi, na mmempa nini njiani. Kama mmempa maziwa au dawa ya kienyeji, semeni tu, hakuna atakayewagombeza. Na mje na mmea wenyewe: tawi lenye jani, ua na tunda, mkilikata kwa kisu bila kulishika kwa mkono mtupu, mkalifunga kwenye gazeti.